Maswali Yenu: Msimu wa hoki unaharibikia barafuni au ofisini?

Barua za hoki ya barafu zimekuwa nyingi mno safari hii, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, yani mabosi wa timu za NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, wanawaza nini wanapomsajili huyu na kumwachia yule. Nimechagua chache. Zingine zitajibiwa toleo lijalo, msinune.

*Shikamoo anko. Mimi ni Simba damu, ila mtoto wa dada angu yuko Toronto ndo kanitia kwenye hii hoki na sasa nashindwa kutoka. Ninachoshindwa kuelewa, hizi timu zina matajiri wa kutisha, iweje wanaacha mastaa waondoke hivihivi? Si waweke tu hela mezani mambo yaishe? — Msomaji, Temeke*

Marahaba kijana wangu. Hapo ndo penyewe, ukilielewa hili mengine yote yananyooka. NHL ina kikomo cha mishahara, yani jumla ya mishahara ya kikosi haitakiwi kuvuka kiasi fulani, na kiasi hicho ni kimoja kwa timu zote 32 hata kama tajiri wako ana visima vya mafuta na mwenzake anahangaika kuuza tiketi. Msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 88, msimu wa 2025/26 kikapanda mpaka milioni 95.5. Humo ndani unatakiwa uingize wachezaji wasiozidi 23, makipa, mabeki na washambuliaji, na mmoja tu akiwa staa wa juu kabisa anaweza kula milioni 12 au 14 peke yake.

Alafu jua kitu kingine, kule hakuna ada ya uhamisho kama kwenye mpira wetu wa miguu. Huwezi kwenda na begi la hela ukamchukua mtu wa watu mwenye mkataba. Unatoa mchezaji unapewa mchezaji, au unatoa zamu zako za kwenye drafti, ule mchakato wa kila mwaka ambapo timu zinachagua vijana wapya kwa raundi 7. Kwa hiyo meneja mkuu anaweza akaziuza zamu za miaka mitatu mbele ili ashinde mwaka huu, na asiposhinda anayekuja kuteseka ni meneja atakayefuata.

Ndo maana mimi nikiona timu imesajili mtu sishangilii kwanza, nauliza nani kaachiwa aondoke ili huyu apate nafasi. Jibu la hapo ndo litakwambia msimu utaendaje.

*Niaje mkubwa. Mimi ni wa South B hapa Nairobi. Hii mambo ya NHL ilitushika ile time vijana wetu wa Ice Lions walipelekwa Kanada 2018 wakacheza na mastaa wa NHL, Crosby na MacKinnon wa Colorado Avalanche, so kutoka hiyo siku mimi ni Colorado, sina team ingine. Nataka uniambie ukweli, nani alikubali Rantanen aende? Juu mpaka leo naskia uchungu. — Shabiki wa Avalanche*

Poa sana, na pole, maana naona kidonda bado kibichi. Ile safari ya Ice Lions hata mimi iligusa moyo wangu, vijana waliojifunzia kwenye kile kiwanja kidogo cha Panari kule Mombasa Road wanaingia kubadilisha nguo kumbe Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wanawasubiri wacheze upande wao. Ukianza hivyo kuipenda timu haitoki.

Sasa twende kwenye swali. Tarehe 24 Januari 2025 habari ilipotoka wengi walidhani ni uzushi. Mikko Rantanen, winga wa Kifini, Colorado walimchagua wenyewe kwenye drafti ya 2015 akiwa namba 10, wakamkuza, akabeba nao Kombe la Stanley, yani ubingwa wa NHL, 2022, na yeye na MacKinnon walikuwa wanajuana barafuni mpaka mmoja anatoa pasi bila kuangalia. Katikati ya msimu, timu ikiwa kwenye mbio za mtoano, anapelekwa Carolina. Colorado wakapokea winga Martin Necas, Jack Drury na zamu mbili za drafti, ya raundi ya pili na ya nne.

Aliyekubali ni meneja mkuu Chris MacFarland, na juu yake yuko Joe Sakic, yuleyule nahodha wa zamani ambaye jina lake liko kwenye mataji ya klabu. Yani hawa si watu wasiojua hoki, na hesabu yao haikuwa ya kijinga. Mkataba wa Rantanen ulikuwa unaisha kiangazi hichohicho. MacKinnon analipwa milioni 12.6 kwa mwaka. Kama hukubaliani na mtu bei mpaka Julai anaondoka na wewe unabaki unaangalia mlango, hupati hata zamu moja ya drafti. Hofu hiyo kila meneja anaijua na imewafukuzisha kazi wengi.

Ila tatizo langu ni muda. Wiki moja baadaye, tarehe 31 Januari, ligi na chama cha wachezaji wakatangaza kikomo kitakavyopanda: milioni 95.5, alafu 104, alafu 113.5 ndani ya misimu mitatu. Ule mkataba uliokuwa unaonekana mzito ukawa wa kawaida kabisa kwa staa wa kiwango chake. Kwamba hela zinakuja kila mtu kwenye ofisi za NHL alikuwa ananusa, na ukishanusa hivyo unavuta subira, unakaa na mchezaji wako mezani mpaka dakika ya mwisho, haumtoi Januari.

Na kule Carolina nako hakukukalika. Mechi 13, mabao 2, na hakuwa tayari kusaini mkataba mrefu. Carolina wakaona wasije wakabaki mikono mitupu, siku ya mwisho ya biashara ya wachezaji, tarehe 7 Machi, wakampeleka Dallas, wakachukua Logan Stankoven, zamu mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya tatu. Dallas wakampa mkataba wa miaka 8, dola milioni 96, hiyo ni milioni 12 kwa mwaka, chini ya MacKinnon! Na Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mkononi inabaki nyingi zaidi.

Alafu ratiba ikapanga raundi ya kwanza ya mtoano Dallas na Colorado. Mashabiki wa Simba waliomwona Chama na jezi ya Yanga mwaka 2024 wanajua hiyo hali tumboni ikoje. Mechi ya saba, tarehe 3 Mei 2025, kipindi cha tatu ambacho ndo cha mwisho, Colorado wanaongoza 2-0 na Dallas hawana Miro Heiskanen wala Jason Robertson, wote majeruhi. Rantanen akafunga la kwanza. Akafunga la pili, akizunguka nyuma ya goli na kupenyeza. Akatoa pasi kwa Wyatt Johnston, la tatu. Sekunde za mwisho Colorado wamemtoa kipa wapate mshambuliaji wa ziada, akafunga lake la tatu kwenye goli tupu. 4-2. Msimu wa Colorado ulifungwa na mtu waliyemlea miaka yote ile, mbele ya MacKinnon anayeangalia.

Nikupe na upande wa pili maana haki lazima itendeke. Necas si mchezaji mdogo, alianza vizuri sana pale Colorado, na Oktoba 2025 Colorado wenyewe wakamsainisha miaka 8 kwa dola milioni 92. Milioni 11.5 kwa mwaka! Tofauti na Rantanen ni nusu milioni. Nusu milioni kwenye kikosi cha milioni 95 haimlipi hata mchezaji wa mwisho benchi, maana kima cha chini cha mshahara kule kinazidi hapo. Ndo maana nasema uchungu wako una msingi kabisa. Waliogopa bei, na mwisho wameilipa bei karibu ileile kwa mtu mwingine.

Tena ofisi hiyohiyo msimu huohuo ilifanya kazi nzuri kwa makipa, Novemba na Desemba 2024 ikawabadilisha wote wawili, akaja Scott Wedgewood kutoka Nashville na Mackenzie Blackwood kutoka San Jose, na timu iliyokuwa inafungwa ovyo ikatulia. Kwa hiyo usiseme hawajui. Walijua, ila kwa Rantanen waliharakisha.

*Kaka, salamu kutoka Edmonton. Sisi ni watu wa Bukavu, tulifika huku watoto wakiwa wadogo na sasa hawa watoto ni hoki tu asubuhi mpaka usiku, mdogo analala na jezi ya McDavid. Fainali mbili mfululizo tumefungwa na Florida, nyumba nzima ililia. Mkubwa anasema kosa ni la meneja Stan Bowman sababu aliacha Holloway na Broberg waende St. Louis. Ni kweli ama watoto wanasema tu? — Mama wa watoto wawili*

Asante mama, na wasalimie sana hao vijana. Mkubwa wako ana macho ya hoki kweli, ila amemkamata mtu asiye mwenyewe, ngoja nimweleze taratibu.

Juni 2024 Edmonton walipoteza fainali mechi ya saba, 2-1. Bao moja tu. Aliyekuwa meneja mkuu, Ken Holland, akaondoka, na Julai mosi, siku soko la wachezaji huru linapofunguliwa, aliyeshika usukani kwa muda alikuwa Jeff Jackson. Akasajili wakongwe: Viktor Arvidsson kwa milioni 4 kwa mwaka na Jeff Skinner kwa milioni 3. Mitandaoni watu walishangilia sana, mimi mwenyewe niliona wanavyoitwa washindi wa kiangazi. Bowman alikuja kuajiriwa tarehe 24 Julai, akakuta hela imeshatumika na vijana wawili, winga Dylan Holloway na beki Philip Broberg, hawana mikataba.

Sasa kuna sheria ambayo timu nyingi huwa zinaionea aibu kuitumia. Mchezaji kijana ambaye mkataba wake umeisha lakini bado yuko chini ya haki za timu yake, timu nyingine inaruhusiwa kumpa ofa, na timu yake ina siku saba tu: ama imlipe hivyohivyo ama imwachie ipewe fidia ya zamu za drafti. Fidia inategemea ukubwa wa ofa. Doug Armstrong, meneja mkuu wa St. Louis wakati ule, akakaa na jedwali hilo kama fundi. Ofa ya Broberg ilikuwa dola 4,580,917 kwa mwaka. Ya Holloway 2,290,457. Mama angalia hizo namba vizuri, hazikutoka hewani, ni kiwango cha mwisho kabisa cha kila daraja. Wangeongeza dola moja kwa Broberg, fidia ingepanda kutoka zamu ya raundi ya pili mpaka ya raundi ya kwanza na ya tatu. Wangeongeza dola moja kwa Holloway ingepanda kutoka raundi ya tatu mpaka ya pili. Na kwa kuwa sheria inataka zamu iwe yako mwenyewe, si uliyopata kwa mtu, wakaenda kwanza Pittsburgh kuirudisha zamu yao ya raundi ya pili ambayo walishaitoa. Ofa zote mbili zikatumwa siku moja, 13 Agosti. Ilipofika tarehe 20 Edmonton wakasema basi, wachukueni.

Chukua kalamu tupige hesabu. Broberg na Holloway pamoja: milioni 6.87. Arvidsson na Jeff Skinner pamoja: milioni 7. Yani hela ya kuwabakiza vijana wote wawili ilikuwepo Julai mosi, ikapewa wakongwe. Msimu ulipoisha Holloway alikuwa na mabao 26 na pointi 63, yani mabao na pasi za mabao ukijumlisha. Wale wakongwe wawili ukiwajumlisha walipata pointi 56. Skinner kwenye mtoano mechi nyingi alikaa jukwaani na suti. Kiangazi cha 2025 wote wakaondoka, Arvidsson akapelekwa Boston kwa zamu moja ya raundi ya tano. Na mabeki nako, Mattias Ekholm aliumia akakosa sehemu kubwa ya mtoano wa 2025, hapo ndo Broberg angehitajika hasa, maana ni mrefu, anateleza vizuri na mtoano wa 2024 alishaonyesha hatetemeki.

Je wangebeba kombe wangewabakiza? Siwezi kukuapia hilo. Florida walikuwa timu kali kuliko wote na Zach Hyman naye aliumia kabla ya fainali. Lakini unapopoteza fainali kwa bao moja mwaka mmoja na kwenye mechi ya sita mwaka unaofuata, na vijana wako wawili wako St. Louis wanaisaidia timu nyingine kabisa kurudi kwenye mtoano, hilo swali halitaacha kuuma. Tena linauma zaidi kwa sababu Edmonton ina Connor McDavid na Leon Draisaitl, watu wawili wanaokula sehemu kubwa ya kikomo kwa haki kabisa, Draisaitl peke yake milioni 14 kuanzia 2025/26, na timu ya namna hiyo inaishi kwa vijana wa bei nafuu wanaocheza kuliko mshahara wao. Ukiwapoteza hao huna pa kuwapata wengine.

Kwa Bowman nina swali lingine kabisa, la kipa. Fainali ya 2025 makipa walibadilishwa zaidi ya mara moja, mechi ya sita wakafungwa 5-1, kiangazi kikapita na makipa walewale, mpaka Desemba 2025 ndo akamtoa Stuart Skinner (huyu si yule Jeff) kwenda Pittsburgh akamchukua Tristan Jarry. Hapo mwambie kijana wako aulize kwa sauti, ana haki.

*Mzee habari. Kwenye kozi yetu hapa Dodoma tulibishana, mimi nasema timu ikinunua mastaa watatu kwa mpigo lazima ipande. Wenzangu wakanitajia Nashville wakacheka. Kilitokea nini? — Mwanachuo*

Wenzako wana hoja. Julai mosi 2024 Nashville chini ya meneja mkuu Barry Trotz iliwachukua Steven Stamkos kwa miaka 4, Jonathan Marchessault miaka 5 na beki Brady Skjei miaka 7, jumla zaidi ya dola milioni 108. Ilikuwa inatoka kwenye msimu wa pointi 99 kwenye msimamo wa ligi. Ikapoteza mechi tano za kwanza zote na ikamaliza na pointi 68. Stamkos kutoka mabao 40 mpaka 27, Marchessault kutoka 42 mpaka 21.

Stamkos alikuwa na miaka 34 na Marchessault 33, unanunua mabao waliyofunga jana kwa bei ya kesho. Wote wawili wanapenda kupokea na kupiga, sasa nani wa kuwapelekea? Nafasi ya kiungo wa katikati Nashville walikuwa na upungufu na hawakuiziba. Na wiki chache kabla walikuwa wamemrudisha beki wao mzoefu Ryan McDonagh kule Tampa. Wakati huohuo Tampa waliomwacha Stamkos, nahodha wao mwenyewe, jambo lililowaliza mashabiki, walichukua hela ile wakampa Jake Guentzel, akawafungia mabao 41. Nilihuzunika kwa ajili ya Stamkos, bado nahuzunika, lakini ofisi ya Tampa iliona mbali.

*Assalaam aleikum. Mie nipo Muscat, mechi zao zinaanza huku alfajiri nshaswali. Nataka nifuatilie msimu kwa akili, tarehe gani za kuangalia, na ilo jambo la majeruhi kuongezwa hela ni kweli? — Msomaji, Oman*

Wa aleikum salaam. Tarehe kubwa ni mbili tu: Julai mosi soko la wachezaji huru, na siku ya mwisho ya biashara ambayo huwa mapema mwezi Machi.

La majeruhi ni kweli. Mchezaji akiumia kwa muda mrefu timu inaruhusiwa kuvuka kikomo ili imzibe. Tampa 2021 Nikita Kucherov alikosa msimu mzima wa kawaida baada ya upasuaji wa nyonga, akarudi kwenye mtoano ambako kikomo kilikuwa hakihesabiwi, akapata pointi 32 na kombe wakabeba, ikiwa mishahara yao imezidi kikomo kwa mamilioni. Sheria iliruhusu kwa hiyo usiwaite wezi. Florida nao Februari 2025 Matthew Tkachuk aliumia, nafasi ikapatikana, mwezi Machi wakamleta Seth Jones kutoka Chicago na Brad Marchand kutoka Boston. Marchand alikuwa na miaka 36 na alikuwa majeruhi siku anayosajiliwa, Boston walimwachia nahodha wao kwa zamu moja ya drafti. Kwenye fainali akawafunga Edmonton mabao 6, na tarehe 17 Juni kombe likabaki Florida.

Sasa mlango huo wameubana. Kuanzia msimu wa 2025/26 hata kwenye mtoano wachezaji 20 wanaovaa jezi siku ya mechi wanatakiwa watoshe ndani ya kikomo. Kwa hiyo Machi ukiona timu imebeba staa mkubwa, angalia nani anarudi kutoka hospitali mwezi Aprili, alafu jumlisha mwenyewe uone nani atalazimika kukaa jukwaani.